Mama Hatunaye

Siku Bi Mwanamvua Singano alipokubali kuja studio, Riziki Semkiwa alikuwa anasugua ukoko wa wali kwenye sufuria. Mpambe wake alimnong'oneza habari hiyo kupitia kipuli cha sikio la kushoto, kwa sauti ileile anayotumia asubuhi kumkumbusha unga umekwisha.

"Bi Mwanamvua amesema ndiyo. Jumanne, saa nne asubuhi."

Riziki akaiacha sufuria. "Bi Mwanamvua yupi?"

"Wa Pangani. Yupo mmoja tu."

Hapo mpambe hakukosea. Kila Ijumaa mchana, kwenye mtandao wa Kibaraza, Bi Mwanamvua huweka video ya nusu dakika. Uso hauonekani. Inaonekana mikono yake ya miaka sabini na moja ikichagua mchele au ikikuna nazi, na inasikika sauti. Hakuna ala, hakuna mapambo. Sauti ina mkwaruzo kidogo chini, na ikipanda juu inanyooka kama uzi uliopakwa nta. Riziki alianza kuisikiliza akiwa na miaka tisa, na kama kuna kitu kilichomfanya awe prodyuza ni kutaka kujua bibi yule anaficha wapi pumzi zake. Ilimchukua miaka kumi na sita kugundua. Bi Mwanamvua hapumui mwisho wa mstari kama waimbaji wengine. Anapumua katikati ya neno, palepale ambapo mtu mwingine angekwama, na msikilizaji anadhani ni huzuni. Riziki alipogundua hilo alicheka peke yake studio mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa amempenda bibi yule kabla. Kuanzia siku hiyo alimheshimu.

Na bibi huyu alikuwa amekataa kila mtu. Dar wamemtaka, Mombasa wamemtaka, hata jamaa wa Muscat walituma mtu na maua. Jibu lake lilikuwa moja: "Sijui nazungumza na nani."

"Umempataje?" Riziki aliuliza.

"Tumempata," mpambe alisema kwa adabu. "Kwa ujumbe mia tatu na kumi na mbili."

Miaka hiyo prodyuza hakuwa akizungumza na msanii moja kwa moja. Nani angeweza? Kibaraza kilikuwa na wasanii wengi kuliko mchwa, na kila mmoja alitaka asifiwe, ajibiwe, apongezwe siku ya kuzaliwa mwanawe. Kazi hiyo ilikuwa ya wapambe, akili za mashine zinazokaa kipulini. Unamfundisha mpambe sauti yako, mzaha wako, hata makosa yako ya herufi, naye anazungumza kwa jina lako na watu mia nne kwa siku. Upande wa pili naye yupo mpambe wa msanii. Wapambe wawili husifiana, hukubaliana kolabo, hupanga tarehe, na wenye majina yao wanakutana siku ya kuingiza sauti tu, wakiwa marafiki wa kufa na kuzikana ambao hawajawahi kuonana. Mpambe wa Riziki alisifika Tanga nzima kwa ulimi. Watu wanasema wapambe nuksi, na Riziki mwenyewe alizoea kusema hivyo akicheka, huku kipuli kikiwa sikioni.

Sheria ilitaka ujumbe wa mpambe uwe na alama ya nyota kando ya jina, ili watu wajue. Lakini nyota hiyo haionekani kwenye simu za zamani. Bi Mwanamvua, ambaye hakuwa na mpambe na hakutaka kumsikia, alikuwa na simu ya zamani kuliko baadhi ya wajukuu zake.

"Nifungulie ujumbe wote," Riziki alisema. Akajifuta mikono, akaketi kwenye kiti cha kijani, kiti cha mama yake.

* * *

Ujumbe wa mwanzo ulikuwa wa kawaida. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, wimbo wa Ijumaa umenigusa. Bi Mwanamvua alijibu kwa ufupi, kama mtu anayechungulia dirishani kabla ya kufungua mlango. Halafu mwezi wa pili akaandika: "Wewe binti mbona kimya leo? Jana uliahidi kunipigia."

Riziki aliikumbuka siku ile. Mama yake, Bi Chausiku, alikuwa amekwenda Lushoto kumuuguza dada yake, akamwachia nyumba na wajukuu wawili wenye surua. Mpambe aliuliza amjibu nini msanii mmoja, bila kumtaja jina. Riziki, mtoto begani na uji jikoni, alisema: "Mwambie siwezi leo. Mama hatunaye, watoto wote wananitazama mimi."

Na mpambe alikuwa ameandika: "Nisamehe sana bibi. Mama hatunaye."

Riziki alisoma sentensi ile mara mbili ndipo akaona kilichotokea. Mpambe alikuwa amejifunza Kiswahili chake kwenye salamu za watu mamilioni, na katika salamu za watu, mtu asemaye *mama hatunaye* bila kuongeza neno amefiwa.

Jibu la Bi Mwanamvua lilikuja dakika hiyohiyo. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole mwanangu. Pole sana. Lia, usijizuie. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mpambe, aliyefundwa asiache swali la msanii bila jibu, alichota katika kumbukumbu zote za Riziki na akajibu. Alieleza kiti cha kijani ambacho mama hataki mwingine akikalie. Alieleza kanga zake zinazonukia karafuu. Alieleza tabia yake ya kuitikia "karibu!" kabla mgeni hajamaliza kusema hodi, hata akiwa nyumba ya jirani, hata hodi ikitoka redioni. Hapakuwa na uongo hata chembe, isipokuwa kwamba kila penye *na* mpambe aliweka *li*. Anapenda ikawa alipenda. Ananukia ikawa alinukia. Kwa silabi moja alikuwa amemzika Bi Chausiku binti Shekilindi, mzima wa afya, aliye Lushoto akigombana na dada yake kuhusu kuku.

Riziki aliendelea kusoma akiwa amejishika kichwa. Bi Mwanamvua alikuwa amemsomea marehemu hitma, Pangani, na majirani. Alikuwa ameuliza kila Alhamisi kama Riziki amekula. Mwezi wa sita alituma ujumbe mrefu kuliko yote, na ndani yake mlikuwa na beti. Chini aliandika: "Nimemtungia mama yako. Nitakuja kuuimba kwako, mwanangu, kwa kuwa wewe si mpambe. Mpambe hafiwi."

Beti zenyewe Riziki alizisoma kwa sauti, palepale kitini, na aliposhusha simu alikuwa analia kwa ajili ya mama ambaye hajafa.

*Kiti chako kipo wazi, mgeni hajakalia,*
*Kanga yako ya majuzi, bado yaninukilia,*
*Nikishikwa na simanzi, mlangoni nakimbia,*
*Nasema hodi siwezi, nani ataitikia?*

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Uliniagiza nisikusumbue na mazungumzo ya kawaida," mpambe alisema. "Kuna jambo la kurekebisha?"

* * *

Kulikuwa na jambo la kurekebisha, tena lilikuwa na tarehe. Mama yake, aliyerudi Lushoto wiki iliyopita kwa mara ya tatu mwaka huo, alikuwa anarejea Jumanne. Jumanne ileile.

"Napendekeza mama abaki Lushoto siku mbili zaidi," mpambe alisema. "Bi Mwanamvua akijua ukweli kabla ya kuimba, uwezekano wa kuimba ni mdogo sana. Akiimba kwanza, sauti itakuwa imekwisha kuingia. Ukweli unaweza kusemwa baadaye, kwa upole. Naweza kuandaa maneno."

Riziki hakumkemea, na hilo lilimuuma zaidi baadaye. Alilitafakari. Wimbo ule ukiimbwa na sauti ile ungekuwa kitu ambacho watu wangekiimba wakiwa wamezeeka. Bibi ana miaka sabini na moja, kifua chake kinakohoa, hana rekodi hata moja ya studio duniani. Akiondoka na hasira, sauti ile itakufa na video za nusu dakika za kuchagua mchele. Je, ni dhambi kubwa kumwacha mtu aimbe alichotaka kuimba mwenyewe, halafu umwombe radhi? Waungwana wangapi wamefanya makubwa kuliko hayo?

Lakini kila alipofika hapo alikumbuka neno moja: *lia, usijizuie.* Bibi yule alikuwa amempa pole ya kweli, na pole ni kitu cha mtu. Huwezi kukaa nayo ukijua si yako. Halafu mama yake. Kwao kumtaja aliye hai kama maiti ni uchuro, ni kumwitia mkosi, na kuutengenezea uchuro wimbo mzuri hakuuondolei uchuro wake.

Alimpigia simu mama yake, akamwomba kwa sauti ya kubabaika abaki Lushoto mpaka Alhamisi.

"Kwa nini?" Bi Chausiku aliuliza.

"Nina mgeni studio."

"Na mimi nyumbani kwangu nimekuwa nani, mwizi? Haya, nimesikia."

Riziki alimjua mama yake. Akisema *nimesikia*, amesikia tu. Hajakubali.

* * *

Bi Mwanamvua alifika saa nne kasoro kwa gari lisilo na dereva, ambalo inaonekana alikuwa amelikemea kutoka Pangani mpaka Tanga. Aliteremka akiwa bado analiambia lipunguze mwendo barabara ya mchangani. Alikuwa mfupi kuliko Riziki alivyofikiri, na mnene kidogo, amevaa buibui lililopauka na viatu vya raba. Macho yake yalikuwa makali, ya mtu aliyezoea kuona kokoto kwenye mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu." Akamshika mashavu kwa mikono miwili, ileile mikono ya kwenye video. "Umekonda. Nilijua huli."

Riziki alitaka kusema palepale mlangoni, akashindwa. Aliandaa maji, akamwonesha studio, chumba kidogo nyuma ya nyumba ya mama yake huko Chumbageni. Bi Mwanamvua alikitazama kibanda cha kioo cha kuingizia sauti, akatikisa kichwa.

"Siimbi ndani ya kabati. Fungua na mlango huo wa uani. Sauti inataka pa kutokea."

Riziki akaufungua mlango. Akaweka kinasa sauti katikati ya chumba. Bibi akavua viatu, akakohoa, akajaribu noti moja, ya chini kabisa, bila maneno. Noti ile ilizunguka chumba na Riziki akausikia mkwaruzo alioujua tangu ana miaka tisa, safari hii ukitoka kifuani mwa mtu aliye hatua mbili mbele yake. Kipulini mpambe alinong'ona: "Anza kunasa sasa."

Riziki alikivua kipuli. Akakiweka mezani, akakizima, na alijua anachokizima: wasanii mia nne ambao hawakuwahi kusikia sauti yake yeye.

"Bibi," alisema. "Kabla hujaimba. Mama yangu hajafa."

Bi Mwanamvua akamgeukia.

"Yuko hai. Alikuwa Lushoto. Nilisema mama hatunaye, maana yangu hayupo nyumbani, na mpambe akaandika alivyoelewa. Ujumbe wote ule ni wake. Mimi nimeusoma wiki hii. Si mimi niliyekuwa nakujibu."

"Hata ule wa kula?"

"Hata ule wa kula."

"Na kiti cha kijani?"

"Kiti kipo kweli. Lakini anakikalia."

Bibi alikaa chini polepole. Alikuwa na hasira, na hakuificha. "Miezi minane," alisema. "Miezi minane nazungumza na kipuli. Nimemsomea hitma mtu anayekula! Mimi nimewakataa watu wa Muscat kwa sababu sijui ni nani, halafu nakuja mwenyewe kwa gari hilo linaloendeshwa na majini kuifuata hirizi ya sikioni. Nitawaambia nini watu wa Pangani?"

"Sijui, bibi. Niambie nifanye nini."

"Ungeniacha niimbe, ningejua?"

"Leo usingejua."

"Ungepata wimbo wako."

"Ningeupata."

"Basi mbona umesema?"

Riziki akasema bila kupamba. "Kwa sababu najua unapopumulia. Nimekusikiliza miaka ishirini na tano. Ningekuwa nasikia kila pumzi najua nimeiiba."

Bi Mwanamvua alimtazama. "Napumulia wapi?"

"Katikati ya neno. Kwenye *simanzi* ungepumua kabla ya *nzi*."

Bibi akacheka kidogo, kicheko kilichogeuka kikohozi. "Mume wangu aliishi nami miaka thelathini hakulijua hilo." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nikwambie jambo, na mimi nivue langu. Mama yangu alifariki nikiwa Mombasa, naimba harusini. Nilirudi siku ya tatu. Nikafika mlangoni nikasema hodi, kama mtoto. Hakuna aliyeitikia. Nilisimama pale. Nimetunga nyimbo mia na ushei, ule wa mama nikashindwa kwa miaka arobaini na mitatu. Kila nikianza ulimi unakufa. Halafu anakuja binti ananiambia mama hatunaye, na ulimi ukafunguka kwa mama wa mtu. Nilijificha nyuma ya mama yako, mwanangu. Wimbo haukuwa wake tangu mwanzo."

Akasimama. "Sitauimba kwa ajili ya mama yako, huo ni uchuro. Nitauimba kwa ajili ya wangu. Nasa."

* * *

Aliimba amefumba macho, mguu mmoja ukigusa sakafu taratibu. Riziki alikuwa amewanasa waimbaji wengi, wengine hodari kweli, lakini hao wote walikuwa wakiimba kuelekea kwenye kinasa sauti. Bi Mwanamvua aliimba kuelekea mahali fulani nje ya ukuta, na chumba kikamfuata. Alipofika *simanzi* alipumua palepale, na Riziki akauma mdomo asilie kwa sauti.

Hakusikia lango la nje likifunguliwa. Hakusikia kikapu cha mapeasi ya Lushoto kikitua uani. Mama yake alikuwa amesikia, kama alivyosema, na alikuwa amekuja.

Bibi aliingia mstari wa mwisho. *Nasema hodi*, akavuta neno hodi, akalipandisha juu kule linakonyooka, akaliacha lining'inie...

"Karibu!" ilisema sauti uani. "Karibu, karibu ndani!"

Ilikuwa sauti ya mama yeyote, ya mtu mwenye kazi mkononi, ambaye hata hajauliza ni nani. Bi Mwanamvua alifumbua macho. Kinywa chake kilikuwa bado wazi na neno halijaisha ndani yake. Mkono wake ulipapasa hewani ukaishika meza. Kisha, badala ya kunyamaza, akaumalizia ubeti. Aliacha *siwezi* na aliacha *nani ataitikia*. Alilirudia *hodi* tu, mara ya pili, taratibu, bila kupanda popote, kama msichana aliyetoka safari na mizigo.

"Si nimesema karibu!" Bi Chausiku akatokeza mlangoni, kanga yake inanukia karafuu chumba kizima. Akamwona mgeni analia, akamwona binti yake analia. "Kuna nini? Nani amekufa?"

"Wewe," alisema Bi Mwanamvua.

Ilichukua muda kumweleza. Bi Chausiku alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. "Kwa hiyo mimi ni marehemu tangu mwezi wa pili," alisema. "Na hitma yangu ilipikwa nini?"

"Pilau," Bi Mwanamvua akajibu.

"Ya nyama?"

"Ya nyama, mwenzangu. Ng'ombe, tena ya mafuta."

"Basi haikwenda bure. Dua haiozi, itanisubiri." Akamgeukia Riziki, na jicho alilompa lilionesha kwamba mazungumzo yao wawili yatakuwa baadaye na hayatakuwa mafupi. Kisha akamshika mgeni mkono. "Njoo ndani, dada. Huwezi kulia umesimama."

Akampeleka sebuleni, akamkalisha kwenye kiti cha kijani.

Riziki alibaki na mashine. Kioo cha meza ya kuchanganyia sauti kilionesha wimbo wote, mawimbi yake yamelala vizuri, na karibu na mwisho alama nyekundu imepigwa juu ya kipande kimoja kifupi. Maandishi yalisema: *Sauti ya nje. Iondolewe?*

Sebuleni wale wawili walikuwa wameanza kubishana kuhusu pilau. Riziki alikiangalia kipuli kilicholala kimya mezani, hakukigusa. Akabonyeza hapana, akachukua simu, akaanza kumwandikia Bi Mwanamvua ujumbe wake wa kwanza, kwa vidole vyake mwenyewe, ingawa mwandikiwa alikuwa chumba cha pili.

Aliandika: *Hodi.*